Kipimo cha vitamini D kimesoma 17: je, ni dalili ya saratani, kisukari na maradhi ya moyo?

Mkaaji wa Tabata

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa tiba, kwa kuwa nimepata majibu ya maabara ambayo kila ninayemwonyesha anayafasiri kwa namna yake.

Mimi ni mwanamume wa miaka 47, mkazi wa Dar es Salaam, na kazi yangu ni uhasibu, hivyo naingia ofisini asubuhi na mapema na kutoka jua likiwa linazama. Hivi karibuni mwajiri alitulipia uchunguzi wa afya, na miongoni mwa vipimo kulikuwa na cha vitamini D. Sukari, shinikizo la damu, figo na ini vimeonekana kuwa sawa. Vitamini D peke yake imesoma nanogramu 17 kwa mililita, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba huo ni upungufu, kwa kuwa kiwango kinachotakiwa kinaanzia 30. Sina maumivu ya mifupa, sijawahi kuvunjika, na situmii dawa yoyote.

Katika duka la dawa nilishauriwa nimeze kidonge cha yuniti 50,000 kila wiki, bila kuelezwa nitaacha lini. Nilipojisomea mwenyewe ndipo hofu iliponizidi, kwa sababu nimekuta maandiko mengi yanayodai kwamba wenye vitamini D ndogo hupata zaidi saratani, kisukari, maradhi ya moyo, kifua kikuu na hata msongo wa mawazo. Naomba kufahamishwa: inawezekanaje mtu wa pwani, mahali ambapo jua halikosekani mwaka mzima, akapungukiwa na vitamini itokanayo na jua? Na je, nikiipandisha kwa vidonge nitakuwa nimejikinga na maradhi hayo?

Tabibu wa Wodi ya Ndani

Ndugu Mkaaji wa Tabata, swali lako la kwanza lina jibu jepesi. Vitamini D hutengenezwa pale mionzi ya jua ya urujuanimno aina ya B inapoigusa ngozi iliyo wazi na kuibadili aina fulani ya kolesteroli iliyomo ndani yake. Mionzi hiyo haipenyi kioo, kwa hiyo kukaa kando ya dirisha la ofisi au ndani ya gari hakukupi chochote hata kama jua linakuchoma macho. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe ili itengeneze kiasi kilekile, kwa sababu rangi yake huikinga na mionzi hiyo. Kuishi nchi yenye jua ni jambo moja, na kupigwa na jua ni jambo jingine. Watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje kutwa, walikuta wastani wa nanogramu 46 hivi kwa mililita, ilhali uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, ambao ulikusanya takwimu za watu zaidi ya 21,000 kutoka nchi 23 za Afrika, ulionyesha kuwa takriban theluthi moja walikuwa chini ya 20. Wewe, kwa ratiba uliyoieleza, umo katika theluthi hiyo.

Sasa niingie katika wino mwekundu, kwa maana hapo ndipo palipokutia hofu bila sababu ya kutosha.

Mwaka 2011 zilitolewa kauli mbili zisizolingana. Taasisi ya Tiba ya Marekani, baada ya kupitia ushahidi wa mifupa, ilisema kwamba kiwango cha 20 kinawatosha karibu watu wote, na kwamba nusu ya watu mahitaji yao hutimia wakiwa na 16 tu. Mwaka huohuo, chama cha wataalamu wa homoni kiitwacho Endocrine Society kikasema kila mtu afikishe 30. Maabara nyingi zilichukua kauli ya pili, na kwa mkato huo mamilioni ya watu wasiokuwa na ugonjwa wowote wakageuka wagonjwa wa kwenye karatasi. Mwaka 2024 chama hichohicho kilitoa mwongozo mpya ambao umeachana na ile 30, na kikashauri kwamba watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kwa mazoea. Mashine za maabara hazisomi miongozo mipya, ndiyo maana karatasi yako bado ina wino ule. Kiwango chako cha 17 ni cha chini kidogo, wala sikuambii ukipuuze, lakini kiko mbali na viwango vya chini ya 10 au 12 ambavyo ndivyo vinavyoleta ugonjwa wa mifupa. Isitoshe, Wamarekani weusi kwa wastani wana vitamini D ndogo katika damu kuliko weupe, na bado huvunjika mifupa mara chache zaidi kuliko wao, jambo linalotufanya tuwe waangalifu kabla ya kumhukumu mtu mweusi kwa kipimo kilichowekwa kwa kuwaangalia wengine.

Kazi ya vitamini hii isiyo na ubishi ni ya mifupa na misuli. Ikishatoka katika ngozi au katika chakula hupita kwenye ini, ambako hupata umbo tunalolipima katika damu, kisha kwenye figo, ambako huwa homoni kamili inayouwezesha utumbo kunyonya kalsiamu na fosfati. Ikipungua sana, tezi za parathiroidi zilizo shingoni hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani ili damu isipungukiwe. Mtoto hupata matege. Mtu mzima mifupa yake hulainika, nyonga zikauma, na mapaja yakakosa nguvu kiasi kwamba kunyanyuka kutoka mkekani kunakuwa kazi. Hayo yalijulikana tangu enzi ambapo watoto wa miji ya viwanda ya Ulaya walikuwa wakikua chini ya moshi. Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wenye matege kwa taa ya urujuanimno, na mnamo 1922 Elmer McCollum wa Marekani aliipa vitamini hiyo herufi D kwa kuwa A, B na C zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa.

Kuhusu saratani, moyo na kisukari, uliyoyasoma si uongo, ila yamekomea nusu ya safari. Ni kweli kwamba tafiti zinazowapima watu damu na kuwafuatilia kwa miaka zimekuta mara kwa mara kuwa wenye vitamini D ndogo huugua zaidi. Lakini ni nani huwa na vitamini D ndogo? Ni mtu asiyetoka nje kwa sababu tayari ni mgonjwa, ni mzee asiyetembea, ni mtu mnene ambaye mafuta yake huimeza vitamini hiyo, ni mwenye uvimbe wa ndani kwa ndani ambao wenyewe hukishusha kipimo. Wingi wa miavuli barabarani hutuonyesha kuwa mvua inanyesha, nao hauiteremshi mvua. Njia ya kutofautisha ni kuwagawa watu kwa kura, nusu wapewe vitamini na nusu wapewe kidonge kisicho na dawa, kisha kusubiri.

Kazi hiyo imeshafanyika, na kwa ukubwa. Jaribio la Marekani liitwalo VITAL liliwashirikisha watu 25,871, ambao zaidi ya 5,000 kati yao walikuwa weusi, na waliopangiwa vitamini walimeza yuniti 2,000 kila siku kwa zaidi ya miaka mitano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba vitamini haikupunguza idadi ya waliopata saratani, wala ya waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi, na uchambuzi wa 2022 ukaongeza kuwa haikupunguza hata kuvunjika mifupa kwa watu hao ambao wengi wao hawakuwa na upungufu. Australia iliwapa wazee yuniti 60,000 kila mwezi katika jaribio la watu zaidi ya 21,000, na vifo havikupungua. Haki itendeke kwa upande wa pili pia: katika VITAL, maradhi ya kinga ya mwili kujishambulia yalipungua kwa asilimia 22 hivi, na majaribio matatu yaliyounganishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba watu walio ukingoni mwa kisukari, wakipewa vitamini D, huchelewa kidogo kuvuka kuingia katika ugonjwa wenyewe. Wewe sukari yako iko sawa, kwa hiyo faida hiyo haikuhusu.

Kwa maoni yangu huhitaji yuniti 50,000. Tumia muda wa mapumziko ya mchana kutembea nje mikono ikiwa wazi siku kadhaa kwa wiki, na ukitaka kidonge, yuniti 600 hadi 1,000 kwa siku zinakutosha.

Mama Salha, Maskati

Assalaam alaykum. Daktari, nimekusoma kwa makini na nimefaidika, ila naomba wanaosoma wasije wakaondoka na fikra kwamba upungufu wa vitamini D ni maneno ya karatasi tu.

Sisi huku Omani, wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, na watu hujifungia ndani na viyoyozi tangu asubuhi mpaka magharibi. Mwanamke akitoka huwa amevaa abaya na mtandio, na hatua zake ni za kutoka mlangoni hadi garini. Baada ya kuzaa mwanangu wa pili nilianza kuumwa nyonga na mapaja, nikawa natembea kwa kuyumba kama bata, na kupanda ngazi nikawa najivuta kwa mikono. Kwa muda mrefu niliambiwa ni uchovu wa uzazi. Nilipopimwa hatimaye, vitamini D ilisoma 6, homoni ya parathiroidi ilikuwa juu sana, na picha ya eksirei ilionyesha ufa katika mfupa wa nyonga. Nilitibiwa kwa dozi kubwa chini ya uangalizi na nikapona. Kwa hiyo mwenye dalili kama zangu asihesabiwe pamoja na mwenye kipimo tu.

Nina swali pia. Watoto wangu waliandikiwa matone ya yuniti 400 kwa siku tangu walipozaliwa, kwa maelezo kwamba maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno. Bibi yao aliyeko Unguja ananishangaa, anasema mtoto atolewe nje saa moja za asubuhi basi, dawa za nini. Nani kati yetu aliye sawa?

Muuguzi wa Kifua Kikuu

Shikamoo daktari, na salamu kwa wengine wote. Kwa kuwa muulizaji ametaja kifua kikuu, nami ndiko niliko kila siku, naomba kuchangia hapo.

Imani kwamba jua hutibu kifua kikuu ina historia ndefu na ya heshima. Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na kabla ya kupatikana kwa dawa za kuua vijidudu, wagonjwa wa Ulaya walikuwa wakilazwa kwenye vibaraza vya hospitali za milimani ili waote jua. Katika maabara pia imeonekana kwamba chembe za kinga hutumia vitamini D zinapopambana na kijidudu hicho. Kwa sababu hiyo sisi wahudumu tulitumaini kwamba vidonge vya bei nafuu vingetupunguzia wagonjwa.

Jaribio lililotujibu lilifanyika hapahapa Dar es Salaam. Watu 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi na ambao vitamini D yao ilikuwa chini ya 30, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa yuniti 50,000 kila wiki kwa mwezi wa kwanza na kisha 2,000 kila siku hadi mwaka ukaisha, na kundi la pili likapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: vifo havikupungua, na walioanza kuugua kifua kikuu hawakupungua. Mwaka huohuo Mongolia ilitoa matokeo ya watoto wa shule zaidi ya 8,000, nako maambukizi hayakuzuilika. Mimi nayathamini majaribio haya kuliko yale ya Marekani, kwa sababu waliopimwa walikuwa na vitamini D ndogo kweli, na ni watu ninaowahudumia.

Ninachotaka wagonjwa wakijue ni upande wa pili wa jambo hili, ambao huzungumzwa kwa nadra. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huliharakisha ini kuivunja vitamini D, na efavirenz, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyokuwa ikitumiwa sana kabla ya dawa mpya ya dolutegravir kushika nafasi yake, ilikuwa na tabia hiyohiyo. Wakati huohuo, uvimbe wa kifua kikuu wenyewe huweza kuigeuza vitamini D kuwa homoni kamili pasipo udhibiti wa figo, na kalsiamu ikapanda katika damu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayejinunulia dozi kubwa dukani anajiingiza katika hatari asiyoijua. Amuulize kwanza daktari wake.

Mkaaji wa Tabata

Nawashukuru sana. Nimeviweka pembeni vile vidonge vya 50,000.

Maneno ya dada muuguzi kuhusu dawa zinazoivunja vitamini D yamenikumbusha mama yangu. Ana miaka 76, ametumia karbamazepini kwa ajili ya kifafa tangu nikiwa shuleni, anatumia pia bendrofluazaidi ya shinikizo la damu, na siku hizi hatoki nje isipokuwa kwenda kanisani. Mwaka jana alianguka uani akavunjika kifundo cha mkono. Ndugu mmoja ametushauri apewe dozi moja kubwa ya mwaka mzima ili asisumbuke na vidonge vya kila siku. Je, ushauri huo unafaa?

Tabibu wa Wodi ya Ndani

Marahaba, dada muuguzi, na asante kwa kuleta jaribio la Dar es Salaam, ambalo nilipaswa kulitaja kabla ya yale ya ng'ambo.

Mama yako, ndugu yangu, ndiye mgonjwa wa habari hii kuliko wewe. Ana umri, hapati jua, ameshavunjika mfupa, na karbamazepini, kama zilivyo dawa nyingine za kifafa, fenitoini na fenobabitoni, huivunja vitamini D mwaka hadi mwaka. Mwongozo wa 2024 niliouzungumzia unashauri kwamba waliovuka miaka 75 wapewe vitamini D hata bila kupimwa, na kwake yeye nataka kupima kabisa, pamoja na kalsiamu, fosfati, figo na homoni ya parathiroidi. Dozi atakayohitaji yaelekea itakuwa kubwa kuliko ya kawaida kwa sababu ya dawa ya kifafa, lakini ipangwe na daktari anayejua kuwa anatumia bendrofluazaidi, kwa maana dawa hiyo huizuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo, na ikichanganywa na vitamini D nyingi na vidonge vya kalsiamu inaweza kuipandisha kupita kiasi. Mkimwona ana kiu isiyoisha, anatapika, amefunga choo au anachanganyikiwa, msisubiri siku ya kliniki. Karbamazepini asiiache hata siku moja kwa ajili ya mifupa.

Dozi moja ya mwaka hapana. Jambo hilo lilijaribiwa Australia kwa wanawake wazee 2,256, waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, na matokeo ya mwaka 2010 yaliwashangaza hata watafiti: waliopewa vitamini walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya kuimeza. Kidogo cha kila siku ndicho salama. Na kwa kuwa alianguka, nawashauri muangalie pia macho yake, mwanga wa njia ya kwenda msalani usiku, na kama karbamazepini inampa kizunguzungu, kwa sababu mengi ya maanguko ya wazee hayatokani na mifupa.

Mama Salha, pole kwa uliyopitia, na umenisahihisha vyema. Kuhusu wajukuu, bibi yao ana nia njema lakini saa moja ya asubuhi jua liko chini mno, na mionzi inayotengeneza vitamini D huishia angani kabla ya kufika kwenye ngozi. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko mwenye nacho, vitamini inayopatikana ni kidogo sana. Kumwanika mtoto mchanga juani saa sita nako simshauri mtu. Kwa mtoto anayenyonya ambaye mama yake mwenyewe hapati jua, matone ya yuniti 400 ni sahihi. Wazazi wenye watoto wenye ualbino wasiwaanike kabisa kwa hoja ya vitamini D, maana ngozi isiyo na rangi huitengeneza haraka kwa jua kidogo tu, na saratani ya ngozi ndiyo adui yao halisi.

Kwa chakula msitarajie makubwa. Samaki wenye mafuta kama vibua wana vitamini D ya kuhesabika, kiini cha yai kina kidogo, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana faida nyingine ambayo kwetu ni kubwa vilevile, yaani kalsiamu. Nchini Nigeria watoto wengi wenye matege walionekana kuwa na tatizo la kalsiamu ndogo katika chakula kuliko la vitamini D yenyewe, na walipopewa kalsiamu walipata nafuu kuliko waliopewa vitamini D peke yake.

Mkinunua vidonge, soma kopo vizuri, kwa sababu wengine huandika mikrogramu na wengine yuniti, ambazo huandikwa IU. Mikrogramu moja ni yuniti 40, kwa hiyo kidonge cha mikrogramu 25 ni yuniti 1,000, na ukomo wa mtu mzima asiyetibiwa kwa maelekezo ya daktari ni yuniti 4,000 kwa siku.